Kusikia, Kusikika na Kutambuliwa

Katika mabweni yetu hapa Kampala, intaneti ikikataa, kauli ni moja tu: "Mtandao umepotea." Nairobi nako niliikuta kauli hiyo hiyo. Ni sawa na mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" kisha akanyamaza. Hajasema uongo, lakini daktari hajui aanzie wapi. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kuutaja ugonjwa wa mtandao kwa usahihi kuliko tunavyokitumia, na kwamba uwezo huo tayari tunao. Tulifundishwa mwaka wa kwanza, katika somo la mnyambuliko wa vitenzi. Ushahidi wangu ni modemu moja ya mtumba.

Modemu hiyo niliikuta kwa mjomba wangu, mtaa wa Buruburu, Nairobi, nilipokwenda kumtembelea likizo ndefu. Modemu ya awali ilikuwa imeungua siku umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu. Kampuni iliyomuunganishia intaneti ilimtaka alipe amana ya shilingi 3,000 ili apewe nyingine. Mjomba akaona heri aende barabara ya Luthuli, kwenye maduka ya vifaa vya umeme, akanunua iliyotumika kwa shilingi 1,500. Haraka yake ilikuwa na sababu. Binamu yangu, ambaye anasomea stashahada ya uhandisi wa umeme, alikuwa na mtihani wa nadharia wa kufanywa kwa njia ya intaneti baada ya siku nne, na kwa wiki mbili alikuwa akifuata masomo kwa kununua data ya simu kwa pesa zake za nauli.

Kabla sijaendelea, nieleze modemu ya kebo ni kitu gani, kwa kuwa wengi wetu tunaijua intaneti ya simu tu. Ni kifaa kinacholeta intaneti kupitia ule waya mnene wa duara unaoleta televisheni ya kulipia. Mitandao ya televisheni ya waya huo awali ilijengwa kupeleka picha upande mmoja tu, kutoka kwenye kampuni hadi sebuleni. Mtazamaji hakuhitaji kujibu. Ili waya huo ubebe intaneti, ilibidi nyumba nayo ipewe njia ya kusema. Mwaka 1997 taasisi ya Marekani iitwayo CableLabs ilitoa kanuni za pamoja zinazojulikana kama DOCSIS, ambazo zinaeleza jinsi modemu ya nyumbani na mtambo mkuu wa kampuni wanavyozungumza juu ya waya mmoja. Masafa ya juu hutumika kwa mazungumzo yanayoshuka kutoka kwenye mtambo, na masafa ya chini, kuanzia megahezi 5, hutumika kwa yale yanayopanda kutoka nyumbani. Hilo la njia mbili ndani ya waya mmoja likumbukwe, maana ndilo lililotusumbua.

Mjomba aliichomeka modemu katika chumba cha binamu ili asome mlango ukiwa umefungwa. Taa ya kwanza ikawaka. Ya pili ikawaka na kuzima kwa muda, kisha ikatulia. Ya tatu ikawa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, na baada ya dakika chache taa zote zikazimika na kuanza upya. Mjomba alitazama mzunguko huo mara tatu, akasema, "Imekufa hii. Nimeuziwa maiti."

Modemu nyingi za aina hii zina ukurasa wake wa taarifa unaofunguliwa kwa anwani 192.168.100.1. Tuliufungua kwenye kompyuta ya binamu, nao ukadai neno la siri ambalo hakuna aliyelijua. Binamu akafungua skrubu za kifuniko. Ndani, pembeni mwa bodi, kulikuwa na pini nne zilizopangwa mstari. Akanieleza kwamba pini hizo huachwa na kiwanda kwa ajili ya mafundi wake: moja ya umeme wa volti 3.3, moja ya ardhi, moja ya kutuma na moja ya kupokea. Ukiziunganisha na kompyuta kwa adapta ndogo ya USB, unaweza kuzungumza na modemu kwa maandishi matupu, bila picha wala vitufe.

Kazi ya kuunganisha ilikuwa ya waya tatu tu. Ardhi ilikwenda kwa ardhi. Pini ya kutuma ya modemu ilikwenda kwenye pini ya kupokea ya adapta, na ya kutuma ya adapta ikaenda kwenye ya kupokea ya modemu, yaani kinywa cha huyu kwenye sikio la yule. Ile ya umeme hatukuigusa, kwa sababu modemu ilikuwa na umeme wake na kuiongezea mwingine kungeweza kuiunguza. Binamu akaweka kasi ya biti 115,200 kwa sekunde, kasi inayotumiwa na vifaa vingi vya namna hii, akawasha modemu. Skrini ikaanza kujaa mistari ya maandishi, mingi kuliko tulivyoweza kusoma. Ilipopungua, tukabonyeza kitufe cha kuingiza, na kikatokea kidokezo kifupi, herufi mbili na alama, kikingoja.

Kidokezo kile kilinifundisha jambo. Ukurasa wa intaneti hukupangia mwenyewe cha kuona: rangi hapa, kitufe pale. Lakini mstari wa amri hauna la kukuambia mpaka uulize, na hujibu kile tu ulichouliza. Ukiuliza ovyo, unajibiwa ovyo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini mbele ya kidokezo kile niliona kwamba kuuliza ni nusu ya kazi, na nusu nyingine ni kujua swali lipi litangulie. Tulianza kwa kuomba msaada, ikatupa orodha ya amri zake. Tukachagua inayoonyesha hali ya modemu, kisha tukaacha kumbukumbu zake zipite tukisoma mstari kwa mstari. Binamu alisoma takwimu. Mimi nilipewa kazi ya kumweleza mjomba, aliyekuwa ameketi kitandani na risiti yake mkononi, kila jibu lilimaanisha nini. Mjomba hakutaka kusikia Kiingereza cha mashine. Alitaka kujua kama pesa zake zimepotea.

Swali la kwanza lilikuwa: je, modemu inasikia? Modemu ikiwashwa hupita kwenye masafa moja baada ya jingine ikitafuta sauti ya mtambo mkuu, kama mtu anayezungusha kitufe cha redio. Yetu iliipata na kuishika. Kwa hiyo haikuwa maiti. Lakini ilisikia kwa shida. Nguvu ya mawimbi iliyoingia ilikuwa hasi 14 kwa kipimo kiitwacho dBmV. Kanuni za DOCSIS zinaruhusu kati ya hasi 15 na chanya 15, na mafundi hupenda ikae karibu na sifuri. Tulikuwa ukingoni. Tofauti kati ya sauti yenyewe na kelele ilikuwa desibeli 31, nayo kwa mfumo uliokuwa ukitumika ilitosha kwa taabu. Nikamwambia mjomba: "Inasikia, ila kwa mbali."

Swali la pili lilikuwa: je, inasikika? Hapa ndipo kumbukumbu zilipojirudia. Baada ya kuupata mtambo, modemu hutuma ombi dogo la kujitambulisha na kungoja jibu kwa sehemu ya tano ya sekunde. Jibu lisipokuja, kanuni huliita kosa hilo T3. Modemu huongeza nguvu ya sauti yake kidogo na kuomba tena. Isipojibiwa huongeza tena, kama msafiri aliye ng'ambo ya mto anayemwita mwenye mtumbwi, kila mara akipaza sauti zaidi. Yetu ilikuwa imepaza mpaka 54 kwa kipimo kile kile, na juu ya 50 fundi yeyote huanza kuwa na wasiwasi. T3, T3, T3, kisha ikakata tamaa na kuanza upya. Ile taa ya tatu iliyokuwa ikiwaka na kuzima ndiyo iliyokuwa ikiita ng'ambo ya mto.

Nilipomweleza mjomba, nilijikuta nimesema: "Inasikia, lakini haisikiki." Akainua kichwa. Aliuliza mara moja, "Basi kuna kitu kinaiziba mdomo kati ya hapa na nje?" Alikuwa ameuliza swali la fundi. Dakika kumi kabla alikuwa akizungumzia maiti. Kilichobadilika ni kiambishi kimoja tu. Kauli ya kutenda, kusikia, inaeleza uwezo wa modemu yenyewe. Kauli ya kutendeka, kusikika, inahamisha macho yetu kutoka kwenye modemu hadi kwenye njia inayopita sauti yake. Mhadhiri wetu wa mofolojia alitufundisha kwamba kauli ya kutendeka haimtaji mtenda. Siku ile niliona faida ya kutomtaja. Kwa kuwa sentensi haikumlaumu mtu wala kifaa, ilimlazimu mjomba atafute kizuizi.

Tulikifuata kizuizi kwa mikono. Waya uliingia nyumbani sebuleni, na kwa kuwa zamani nyumba ile ilikuwa na televisheni tatu, waya uligawanywa na splita, ukagawanywa tena koridoni, na mara ya tatu ukutani mwa chumba cha binamu. Splita ya njia mbili hupunguza mawimbi kwa takriban desibeli tatu na nusu, na hupunguza pande zote mbili, yanayoshuka na yanayopanda. Tatu zikifuatana hula zaidi ya kumi. Modemu iliyoungua ilikuwa ikikaa sebuleni, mbele ya splita zote, ndiyo maana tatizo halikujitokeza. Ya mtumba haikuwa na kosa la kusikika. Ilikuwa imewekwa nyuma ya milango mitatu na kuambiwa iite.

Tukaihamishia sebuleni na kuiunganisha moja kwa moja na waya wa nje. Konekta ya waya huo ilikuwa na kutu ya kijani, binamu akaikata na kufunga mpya. Tukawasha na kuuliza upya maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule. Mawimbi yaliyoingia: hasi 3. Tofauti na kelele: desibeli 36. Mawimbi yaliyotoka: 46, na safari hii ombi likajibiwa. Taa ya tatu ikatulia, na T3 haikuonekana tena. Mjomba akapiga makofi. Binamu akafungua kivinjari. Hakuna ukurasa uliofunguka.

Laiti tungekuwa na ile kauli ya "mtandao umepotea" peke yake, tungerudi mwanzo kabisa, tukaanza kukata waya mzima. Lakini tulijua kusikia kumepona na kusikika kumepona. Lilibaki swali la tatu: je, modemu imetambuliwa?

Modemu ikishasikika, huomba anwani, kisha hupakua kutoka kwa kampuni faili dogo lenye maagizo: kasi yako ni hii, ruhusa zako ni hizi. Kampuni huchagua faili la kumpa nani kwa kutazama nambari ya MAC, herufi na tarakimu kumi na mbili ambazo kiwanda huipa kila modemu. Kumbukumbu zilionyesha kwamba modemu yetu ilipewa anwani, ilipakua faili na kukubaliwa kusajiliwa. Lakini ndani ya faili, kipengele cha ruhusa ya kupitisha data ya mteja kilikuwa sifuri. Kwa maneno mengine, mtambo mkuu uliisikia, ukaijua, ukaifungulia mlango wa nje, ukafunga wa ndani. Nikamwambia mjomba: "Imetambuliwa, lakini kwa jina la mtu mwingine."

Habari husafiri haraka mtaani. Jioni hiyo akaja kijana jirani, mjuzi wa kompyuta, akasema kazi hiyo ni ndogo. Kwa shilingi 1,000 angeibadilisha nambari ya MAC, aweke ya mteja fulani anayelipa, na modemu ingefunguka usiku ule ule. Binamu alijua kwamba jambo hilo si rahisi kama lilivyosemwa. Tangu toleo la 1.1 la DOCSIS, modemu hubeba cheti cha kidijitali kilichofungamanishwa na nambari yake, na anayetaka kujigeuza lazima aibe na cheti pia. Zaidi ya hapo, modemu mbili zenye nambari moja zikikutana chini ya mtambo mmoja huvurugana, na mteja mwenye haki anaweza kujikuta nje bila kujua sababu. Hata hivyo sitasema kwamba uamuzi ulikuwa mwepesi. Mtihani ulikuwa umebakiza siku tatu. Binamu alimtazama baba yake na hakusema neno. Mjomba alikaa kimya kwa muda, kisha akamwambia kijana, "Mwanangu, ahsante. Lakini mtu huyo asubuhi ataamka aseme mtandao umepotea, na mimi nitakuwa ninajua ulipo."

Kesho yake tulikwenda ofisi ya kampuni na modemu ndani ya mfuko. Mhudumu alikuwa na foleni ndefu, na kila mteja mbele yetu alisema ile kauli ya siku zote, naye akawajibu wote kwa jibu moja: izime, iwashe, subiri fundi. Zamu yetu ilipofika, mjomba alisema, "Dada, modemu hii inasikia, inasikika, na imetambuliwa. Ila mliyemtambua si mimi." Mhudumu aliacha kuandika. Akaomba nambari iliyo chini ya modemu, akaitafuta, akakuta ilikuwa imeazimwa kwa mteja aliyehama bila kuirudisha na bila kumaliza deni. Ilikuwa mali ya kampuni. Mtu aliyeiuza Luthuli aliuza kisichokuwa chake, au aliuziwa na aliyefanya hivyo.

Mjomba aliiacha pale mezani. Kwa kuwa aliirudisha kwa hiari, alikubaliwa kulipa ile amana ya shilingi 3,000 kwa awamu mbili, na modemu nyingine ikaahidiwa. Ililetwa baada ya siku tano, siku mbili baada ya mtihani. Mtihani binamu aliufanya kwa data ya simu yangu, simu ikiwa imeegemezwa dirishani ambako mawimbi yalikuwa na nguvu. Yule muuzaji wa Luthuli, alipoonyeshwa risiti, alirudisha shilingi 1,000 kati ya 1,500 na kuapa kwamba hakujua.

Wasomaji wenzangu, katika mihadhara yetu hurudia kuzuka mjadala kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi na teknolojia mpaka kamati fulani ikae na kutunga istilahi. Sipingi kazi ya kamati. Katika insha hii mwenyewe nimekopa modemu, splita, adapta, konekta na faili, wala sioni aibu, kwa kuwa nomino husafiri na vitu vyake. Lakini hakuna nomino hata moja kati ya hizo iliyomsaidia mjomba kujua la kufanya. Mtu anaweza kuijua konekta kwa majina kumi na bado akasema modemu imekufa. Kilichomsaidia ni kitenzi kimoja alichokuwa nacho tangu utotoni, kikinyambuliwa kwa uangalifu, na kingine kikiwekwa katika kauli ya kutendwa. Kusikia kulituambia tazama kifaa, kusikika kukatuambia tazama njia, na kutambuliwa, kwa kuwa kauli ya kutendwa huacha nafasi ya mtenda nyuma yake, kukatuuliza: umetambuliwa na nani, na kama nani? Swali hilo la mwisho halikuwa la waya tena. Lilikuwa la mali na haki, na hakuna amri ya kompyuta ambayo ingelijibu kwa niaba yetu.

Ningependa tulijaribu jambo hili tunapofanya mazoezi ya mnyambuliko darasani. Badala ya kunyambua piga, pigwa, pigika, pigana katika jedwali lisilo na mtu ndani yake, tuchukue kifaa kilichoharibika, simu, redio au pampu ya maji, na tuulize kila kauli inatuelekeza kukagua sehemu gani. Pampu inavuta lakini maji hayavutiki: tutazame bomba. Simu inachaji lakini haichajiki: tutazame betri. Zoezi la namna hiyo halihitaji maabara. Linahitaji kitu kibovu, na vitu vibovu katika vyuo vyetu havijawahi kuadimika.